Sumu Mbili na Mpishi wa Bwana Zeituni

Ninyi mnaobaki kazini mmeniomba niandike, na mmoja wenu akanishauri nianze na vyeo. Vyeo vililetwa na karatasi, na karatasi zimekwisha kuliwa na mchwa. Sina la kuongeza juu ya hayo. Nitaandika habari za chumba kimoja chenye giza, za sumu mbili zilizo ndugu, na za watu walionifundisha kuzitofautisha hapa Kindu katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Mimi si mzee bado. Macho yangu ndiyo yaliyotangulia kustaafu, nami nikayafuata.

Nilifika hospitalini nikitoka shule ya wauguzi ya masista, nimevaa aproni iliyotiwa wanga hata ikawa ngumu kama ubao. Nilijiona nimependeza. Mkuu wa wodi ya wanaume alikuwa Baba Feruzi, Mwislamu wa mjini, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini ambaye wagonjwa walimtii kuliko walivyomtii Daktari. Alinisikia kabla hajaniona.

"Vua," akasema.

Nikavua viatu.

"Na hiyo aproni, mwanangu. Inalia kama mabati. Utaniulia muntu."

Nilidhani anatania. Akanipeleka hadi mwisho wa ukumbi, kwenye chumba ambacho dirisha lake lilikuwa limezibwa kwa mablanketi, na bawaba za mlango zimepakwa mafuta ya mawese. Ndani alilala mchimba madini kutoka Kalima aliyekanyaga msumari wenye kutu. Meno yake yalikuwa yameshikana, midomo imevutwa nyuma kama mtu anayecheka, lakini machoni hapakuwa na kicheko. Mgongo wake ulikuwa umejikunja kama upinde. Garimoshi lilipopiga honi kule stesheni, mwili wote ulikaza mara moja, ukainuka, ukabaki umesimama juu ya kisogo na visigino. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona pepopunda kwa mtu mzima.

"Huyu iko anasikia yote," Baba Feruzi aliniambia tulipotoka. "Akili yake njo nzima kabisa, inaona kila kitu. Usimuguse mbele ya kumuambia. Simama mulangoni, taja jina lako polepole, useme unakuja kufanya nini. Mwili ukipata habari mbele, haushituki sana."

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya chumba kile. Tuliingia pekupeku. Hatukuongea na mgonjwa kwa sauti ya kumwita mtoto; tulimwambia, kwa heshima, kwamba sasa tunamgeuza, sasa tunamfuta jasho, sasa ni sindano. Baba Feruzi alijua saa za garimoshi kuliko mkuu wa stesheni, akapanga dawa ya usingizi iwe imeshika kabla ya honi. Sindano zilikuwa za kioo, tulizichemsha kila mara, na seramu ilitoka katika damu ya farasi, mnyama ambaye wengi wetu tulimjua kwa picha tu. Kabla ya kumpa mgonjwa dozi yote, tulitia tone moja chini ya ngozi ya mkono na kungoja, kwa maana ziko damu zinazomkataa farasi, tena kwa ghadhabu.

Mchimba madini yule aliondoka kwa miguu yake. Wengi wa waliomfuata hawakuondoka hivyo, na watoto wachanga waliokatwa kitovu kwa wembe mchafu karibu wote tuliwazika. Sitaki mdhani nilifanya kazi mahali pa miujiza.

Aliyenifungulia siri ya ugonjwa ule alikuwa Daktari mwenyewe. Alikuwa Mbelgiji mrefu ambaye mji ulimwita Bwana Polepole kwa jinsi alivyozungumza, akipima kila neno la Kiswahili kabla ya kulitoa. Alikuwa na tabia ambayo sikuikuta kwa wengi wa aina yake: ukimuuliza swali, alikujibu. Siku moja nilimuuliza kwa nini msumari wa mguuni uufunge mdomo. Alinipeleka barazani, tukautazama mto Lualaba, na mitumbwi iliyokuwa ikivusha watu kwenda ng'ambo.

"Neva," akasema, "haigusi msuli. Inafika karibu sana, halafu pana mto. Mto mdogo, huwezi kuuona. Ili amri ivuke, inatiwa ndani ya mitumbwi."

Mitumbwi hiyo, akaeleza, ni vifuko vidogo vya maji ya aina fulani, vinavyongoja kwenye ncha ya neva. Amri ikifika, vifuko vinamwaga shehena yake, nayo inavuka na kuugusa msuli, na msuli unajikaza. Lakini mwili haukaziki tu. Unapokunja mkono, msuli wa mbele unaambiwa "vuta," na ule wa nyuma unaambiwa "tulia." Neva zinazosema "tulia" hukaa katika ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti. Sumu ya pepopunda huingia kwenye ncha ya neva karibu na kidonda, kisha hupanda ndani ya neva ileile, ikienda kinyume cha amri kama samaki anayepanda maporomoko, hadi kwenye ugwe. Huko huvuka hadi kwa neva ya "tulia" na kuifunga mitumbwi yake gatini. Tangu hapo mwili husikia neno moja tu: vuta. Taya, kwa kuwa neva zake ni fupi na misuli yake ina nguvu, huwa la kwanza kutii.

Nilikaa pale barazani nikiwa nimesahau beseni mkononi. Nilichukia ugonjwa ule, na bado nauchukia. Ila ilinibidi kukiri kwamba kitu kidogo hivyo, kisicho na jicho wala mkono, kilikuwa kimeuchagua katika mwili wote mlango mmoja tu, na kimeukuta.

Ndugu ya sumu hiyo nilikutana naye baadaye, katika mwezi wa Ramadhani.

Palikuwa na mfanyabiashara wa Kigiriki ambaye mji ulimwita Bwana Zeituni. Alikuwa akiagiza zeituni kutoka kwao na kumwonjesha kila mteja, kisha akicheka jinsi walivyokunja uso. Hakuwa na mke. Alichokuwa nacho ni nguruwe aliowafuga nyuma ya duka, na soseji alizozitengeneza kwa mikono yake na kuzifungia ndani ya bokali za kioo, zimezama katika mafuta. Mpishi wake, Amisi, alikuwa Mwislamu wa Kindu aliyeshika dini yake sawasawa. Wawili hao walikuwa na mkataba wao: Amisi alizikaanga soseji zile katika kikaango cha peke yake, kwa uma wa peke yake, bila kuonja kamwe. Ikifika Ramadhani, hata hicho kikaango hakukigusa, na bwana wake alikaa bila soseji.

Mwaka ule Bwana Zeituni aliusahau mkataba, au alijisahaulisha. Majirani waliwasikia wakigombana uani.

"Mwezi huu mukono wangu haugusi nguruwe, Bwana. Unajua."

"Mimi ndiye ninayekulipa!"

"Unanilipa kupika. Kufunga, ananilipa mwingine."

Siku chache baadaye Bwana Zeituni aliletwa hospitalini. Kwanza alikuwa akiona kila kitu maradufu, kisha kope zikaanguka, kinywa kikakauka, sauti ikawa ya puani, kumeza kukamshinda. Mikono ilifuata. Hakuwa na homa. Alipofika kwetu uso wake ulikuwa umelegea kabisa, bila alama ya hofu wala maumivu, na kifua kilipanda kidogo sana. Daktari aliinua kope moja kwa kidole, akatazama mboni isiyosogea, akauliza alikula nini. Bokali ilipoletwa kutoka dukani, hakuruhusu mtu aifungue wala kuinusa kwa karibu.

"Ni ndugu ya pepopunda," akatuambia mimi na Baba Feruzi. "Vijidudu vya ukoo mmoja. Vyote viwili huchukia hewa. Mmoja hukaa ndani ya tundu la msumari, mwingine ndani ya mafuta, kwenye chupa iliyofungwa."

Sumu hii ya pili, alisema, haina haja ya safari. Hubaki kwenye ncha ya neva, ukingoni mwa mto, na hapo huizuia mitumbwi ya "vuta." Amri hutoka kichwani, hushuka salama, hufika gatini, hukwama. Ni mtumbwi uleule usioondoka. Tofauti iko katika neno lililokuwa limepakiwa: likizuiwa "tulia," mtu anakuwa ubao, likizuiwa "vuta," anakuwa kitambaa. Baadaye nilipopelekwa chuo cha juu cha uuguzi nilisoma mambo haya kwa majina yake marefu, na nimesoma pia kwamba wataalamu bado wanatafuta ni kamba gani hasa sumu hizi zinaikata ndani ya gati. Sijapata maelezo yaliyoushinda mto wa Daktari.

Lakini mji haukuwa na habari za vijidudu. Mji ulikuwa na mpishi aliyegombana na bwana wake, na bwana ambaye sasa amelala kama maiti, na chakula ambacho mpishi hakukila. Ajenti mmoja wa utawala, mtu mnene mwenye haraka, alimtia Amisi ndani siku hiyohiyo. Daktari alikwenda kumweleza. Alirudi amekunja uso.

"Anasema sumu ni sumu, na jikoni ni kwa Amisi. Anataka kumpeleka kusini kwa hakimu, na garimoshi lijalo."

"Si ajabu," akasema Baba Feruzi. "Kijidudu hakina mikono ya kutia pingu."

Amisi mwenyewe alikuwa amesema wazi kwamba hakuzipika soseji zile. Nani angemsadiki? Ndani ya nyumba walikuwamo watu wawili, na wa pili hakuweza kusema. Mke wa Amisi, Mwajuma, alikuja kukaa kwenye ngazi za hospitali, na kila nilipopita alinisimamisha.

"Mama muuguzi, Mugiriki wenu ataamuka lini?"

"Sijui, mama."

"Mume wangu anafunga Ramazani mu gereza, futari yake njo maji ya bomba. Mumuambie huyo Bwana aharakishe. Treni ya Kongolo haingojake muntu."

Hatukuwa na mashine ya kumsaidia mtu kupumua. Tulikuwa na mpira wa kunyonyea mate, mpira mwembamba wa kumlishia puani, na mikono. Masista wa upande wa Wazungu hawakumzoea mgonjwa wa namna hii, kwa hiyo Daktari alituita sisi wa chumba cha giza. Mimi sikujua njia nyingine ya kuingia kwa mgonjwa asiyejiweza isipokuwa ile niliyofundishwa. Nilisimama mlangoni nikasema: "Hodi, Bwana. Ni Justine. Ninakuja kukugeuza ubavu wa kushoto."

Kidole gumba cha mguu wake kiliinuka.

Nilidhani ni mshtuko wa msuli. Nikamgeuza, nikamwambia sasa namfuta kinywa. Kidole kikainuka tena. Nikamwita Baba Feruzi, naye akatazama kwa muda, akaninong'oneza: "Muambie kitu asichopenda."

"Bwana, nitakuchoma sindano nyingine."

Kidole kilitulia tuli. Huo haukuwa utulivu wa mgonjwa; ulikuwa ukaidi.

Daktari alipoambiwa, aliketi kitandani kwa mgonjwa, jambo ambalo masista hawakuliruhusu kwa mtu yeyote. Sumu hii, alieleza, huanza machoni na kushuka. Miguu huwa ya mwisho kushikwa. Tena haigusi akili hata chembe. Ndani ya uso ule uliolegea Bwana Zeituni alikuwa akitusikiliza sote tangu siku ya kwanza, pamoja na waliosimama mlangoni wakipanga bei ya duka lake. Sijui kama kuna upweke unaozidi huo. Daktari alimsemesha kwa Kifaransa, polepole kama kawaida yake: kuinua mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Kidole kikakubali. Kisha Daktari akaagiza ajenti aitwe, kabla ya garimoshi.

Ajenti alifika na kofia mkononi na shaka usoni. Alitaka kwanza kuhakikisha kwamba si mchezo wetu.

"Bwana, mimi ni Mgiriki?"

Mara mbili.

"Tuko Stanleyville?"

Mara mbili.

"Mimi ni mnene?"

Kidole kikainuka mara moja, haraka kuliko mara zote. Baba Feruzi alipatwa na kikohozi akageukia ukuta.

Ajenti aliuliza mengine ya namna hiyo, akifurahia sasa, kama mtu aliyepewa kasuku. Ndipo akafikia swali lenyewe. "Amisi ndiye aliyekupikia soseji hizi?"

Kidole hakikusogea.

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna kitu. Nje ya dirisha nilimwona Mwajuma amesimama, mkono kinywani.

"Basi," akasema ajenti. "Ameshindwa kumtetea."

"Amechoka," Daktari alisema. "Ilibaki mitumbwi michache, nawe umeitumia kuuliza unene wako. Ngoja."

"Garimoshi haliwezi..."

"Ngoja."

Tulingoja. Nilimfuta mate, nikimwambia kwanza. Baba Feruzi alikuwa na lake la kufanya: alipiga magoti miguuni pa kitanda, akaushika mguu ule katika viganja vyake kuupasha joto, akamwambia Bwana Zeituni kwa sauti ileile ya chumba cha giza, "Bwana, hatuna haraka sisi. Lala kidogo, halafu utujibu." Ajenti alitoa saa, akairudisha mfukoni. Sijaona tena katika kazi yangu watu wazima wanne wakitazama kidole cha mguu kwa imani namna ile.

Kikainuka. Kikashuka. Tukashikilia pumzi. Kikainuka tena, chini kuliko mwanzo, lakini kikainuka.

"Hapana," akasema Daktari. "Sasa uliza moja tu, na uulize vizuri."

Ajenti alifikiri, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. "Ulifungua bokali mwenyewe, ukala baridi, bila moto?"

Mara moja.

Moto ndio ungalikuwa kinga. Sumu ile, pamoja na nguvu zake zote, haistahimili kuchemshwa sawasawa. Miaka yote Amisi alipozikaanga soseji mpaka zikakaribia kuungua, maana hakuweza kuonja kama zimeiva, alikuwa akimlinda bwana wake bila kujua. Mwezi mmoja tu moto haukuwashwa.

Bwana Zeituni alipona, ingawa kwa mwendo wa kobe. Seramu iliyoletwa kwa ndege iliikamata sumu iliyokuwa bado ndani ya damu; ile iliyokwisha kuingia katika neva haitolewi na dawa yoyote. Neva yenyewe ndiyo iliyochipua ncha mpya, kama muhogo uliokatwa shina, ikatafuta msuli wake upya. Kope ziliinuka kwanza kidogo, kisha zaidi. Niliyaona haya kwa macho yangu wiki baada ya wiki, na ikiwa sumu ile ilinistaajabisha, mwili ulioijibu kwa subira namna hiyo ulinistaajabisha zaidi.

Ila kabla ya hayo, siku ileile ya kidole, Amisi aliachiliwa. Hakwenda kwake. Alikwenda jikoni kwa bwana wake, na alasiri akaja hospitalini amebeba sufuria iliyofunikwa, Mwajuma nyuma yake. Alinikuta mlangoni.

"Mama, wanasema moto wangu njo ulikuwa unamulinda?"

"Ndiyo, Baba Amisi. Moto wako."

Aliihamisha sufuria mkono wa pili. "Basi mwaka kesho afunge pamoja na mimi. Itakuwa salama zaidi."

Ndani, ajenti alikuwa bado akimalizana na Daktari. Alipoiona sufuria alinyoosha mkono. Mtu ameachiliwa, alisema, lakini utaratibu ni utaratibu: chochote atakachokileta kwa mgonjwa akionje kwanza, hapa, mbele yake.

"Nimefunga, Bwana."

"Onja kidogo tu."

"Jua liko juu, Bwana."

Baba Feruzi, ambaye naye alikuwa amefunga, aliingilia kwa upole. "Ndugu yangu, mashehe wengine wanaruhusu mupishi atumie ncha ya ulimi, asimeze."

"Ulimi wangu hauna ncha mwezi huu," akajibu Amisi. Hakuwa na hasira. Aliiweka sufuria mezani, akafunua. Ulikuwa mchuzi wa kuku, umechujwa kwa kitambaa hata ukawa mwepesi wa kupita mpirani, na harufu yake ikakijaza chumba chote. "Nimechemusha sana. Kama Bwana hana imani, aonje yeye."

Hapakuwa na mtu mwingine wa kuonja. Baba Feruzi alikuwa amefunga, Mwajuma vilevile, na tulipopiga hatua mimi na Daktari, Amisi alitutikisia kichwa. Nilielewa kwamba hakutaka kusafishwa na mtu aliyekwisha kumsadiki. Kitandani, kidole cha Bwana Zeituni kiliinuka mara moja, ingawa hakuna aliyemuuliza kitu.

Ajenti akachukua kijiko. Akakitazama, akamtazama Amisi, akanywa. Tukasimama wote kimya kama katika chumba cha pepopunda. Kisha akakichovya kijiko tena, akanywa mara ya pili, na mara hii hakuwa anapima chochote.

Nikasema, "Hodi, Bwana, ni chakula," nikaanza kuumimina mchuzi katika mpira, kidogo kidogo, na Amisi akasimama kando yangu akikilinda kila kijiko mpaka sufuria ikaisha.